Mfalme wa Ziwa Victoria: Kuanza Upya kwa Katuni ya Black Panther

Utangulizi

Mimi ni mzaliwa wa Igogo, Mwanza. Kwetu ni mlimani, kwenye zile nyumba zilizopandiana kati ya mawe, na ukisimama mlangoni unaliona ziwa mpaka macho yanachoka. Nalisema hili mapema kwa sababu makala haya yanalihusu ziwa hilo hilo, ingawa nitalifikia kwa njia ndefu ya kupitia Marekani.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani na simu iliyojaa kurasa za Black Panther, katuni ambayo mfululizo wake ulianza upya mwaka 2016. Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, ni kibarua katika kiwanda cha samaki. Kazi yake ni kutoa minofu ya sangara. Jioni moja alinikuta nimeinamia simu, akachungulia. Nikamweleza: hii nchi inaitwa Wakanda, ina madini ya ajabu, haikuwahi kutawaliwa na mkoloni, mfalme wake anavaa vazi la chui mweusi, na kwenye ramani ya kitabu hiki nchi yenyewe iko hapa hapa, kando ya Ziwa Victoria.

Akaitazama ramani. Akatazama nje. Kisha akauliza, "Sasa huko nani anakata samaki?"

Nilicheka, lakini usiku swali likanirudia. Sisi wa fasihi tunafundishwa kuuliza dhamira ni nini, mhusika mkuu ni nani, mandhari ni yapi. Yeye, ambaye hajawahi kuingia darasa la uhakiki, aliuliza swali moja likayafunika yote hayo. Basi makala haya yana makusudi mawili. Kwanza, kumweleza msomaji ambaye hajazoea katuni za mashujaa maana ya mfululizo wa miaka mingi "kuanza upya". Pili, kuonyesha kwamba kuanza upya kwa kweli hakuko katika namba ya jalada. Kuko katika swali ambalo hadithi inajiuliza.

Maana ya kuanza upya

Katuni za mashujaa za Marekani hutoka katika matoleo membamba, kwa kawaida kila mwezi, na kila toleo lina namba yake. Mfululizo wa Action Comics, alimozaliwa Superman mwaka 1938, uliendelea kuhesabu mpaka namba 904. Mwaka 2011 kampuni ya DC ikaamua kuwa mifululizo 52 ianze na namba 1, Action Comics ikiwemo. Mwaka 2016 wakabadili mawazo, wakairudia hesabu ya zamani kuanzia namba 957, na mwaka 2018 ikafika 1000. Msomaji aone basi kwamba namba 1 si kitu kitakatifu. Ni mlango tu.

Mlango wa nini? Kwanza ni wa biashara, tusidanganyane. Msomaji mgeni akiona namba 904 anajihisi kama mtu aliyefika ngomani alfajiri, wenzake wamekwisha kucheza usiku kucha. Akiona namba 1 anajua na yeye kaalikwa. Halafu wapo wakusanyaji wanaopenda kumiliki toleo la kwanza, kwa hiyo maduka huagiza nakala nyingi za namba 1 kuliko za namba zinazofuata. Na mara nyingi kuna sinema inakuja. Black Panther mpya ilitoka Aprili 2016. Mwezi uliofuata mhusika huyo huyo akaonekana katika sinema ya Captain America: Civil War. Maduka yaliagiza zaidi ya nakala 250,000 za toleo lile la kwanza, idadi kubwa mno kwa katuni ya zama hizi.

Lakini hapa tutofautishe mambo mawili. Kuna kuanza upya kwa kufuta: mwaka 2011 Superman alirudishwa ujanani, na ndoa yake ikawa kama haikufungwa. Na kuna kuanza upya bila kufuta: namba inarudi moja, lakini yaliyopita yamepita na makovu yake yapo. Black Panther ya 2016 ni ya aina hii ya pili. Na kwa maoni yangu aina hii ndiyo ngumu zaidi, maana mwandishi hapewi ukurasa mweupe. Anapewa nyumba ya watu yenye madeni, anaambiwa karibu.

Sisi wenyewe si wageni wa mambo haya. Waliosoma Sani, lile jarida la katuni la Said Bawji na Nico ye Mbajo, wanawakumbuka Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na Kipepe. Wachoraji walibadilika, wahusika wakabaki. Na kabla ya Sani palikuwa na bibi.

Bibi naye alianza upya

Bibi yangu alitusimulia ngano ya Kisukuma ya Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na ng'ombe wao, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Akajifungua mtoto wa kiume, naye alipokua akaliua zimwi na kulipasua tumbo, watu wote wakatoka. Ngano za namna hii zimeenea sehemu nyingi za Afrika, kwa hiyo sidai ni ya Igogo peke yetu. Ninachotaka kukionyesha ni kwamba bibi hakuwahi kuisimulia mara mbili kwa namna moja. Siku nyingine shujaa alisifiwa tangu mwanzo hadi mwisho. Siku nyingine, hasa tulipokuwa tumeleta kiburi, bibi alikaa sana kwenye kipande kimoja: Masala alipolipasua tumbo la zimwi, kisu chake kilimkata sikio bibi kizee aliyekuwa humo ndani. Bibi kizee akakasirika vibaya. Shujaa aliyeokoa dunia nzima akalazimika kuhangaika kutafuta dawa ya sikio moja.

Hapo ndipo nilipojifunza kuanza upya kabla sijajua kuna kampuni inaitwa Marvel. Shujaa ni yule yule, zimwi ni lile lile, ila usiku huu msimulizi anauliza: na aliyekatwa sikio je?

Tofauti ni kwamba ngano ya bibi haina mwenyewe. Mimi nikitaka kuianza upya kesho sitaomba ruhusa ya mtu. T'Challa ana mwenyewe, na anayemwandika ni mpangaji. Tulikumbuke hili tunapompima mwandishi yeyote wa katuni hizi.

Historia fupi ya mfalme

Black Panther, yaani Mfalme T'Challa, alitokea kwanza katika Fantastic Four namba 52, Julai 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby, Wamarekani weupe wawili. Chama cha Black Panther cha Oakland kilianzishwa Oktoba mwaka huo huo, kwa hiyo katuni haikuchukua jina kwa chama. Mwaka 1973 T'Challa akapewa hadithi ndefu ndani ya jarida lililoitwa Jungle Action. Jina hilo lenyewe linatosha kutueleza Afrika ilivyotazamwa. Hata hivyo mwandishi wake, Don McGregor, alimrudisha mfalme nyumbani akakute uasi, na mchoraji Billy Graham, Mmarekani mweusi, akaipa Wakanda sura za watu.

Baada ya hapo namba moja zikafuatana. Kirby mwenyewe mwaka 1977. Hadithi fupi ya matoleo manne mwaka 1988. Mwaka 1998 akaja Christopher Priest, mwandishi mweusi, akafikisha matoleo 62 na kutuletea Dora Milaje, wanawake walinzi wa mfalme. Mwaka 2005 Reginald Hudlin, ambaye mwaka uliofuata alimwoza T'Challa kwa Storm, shujaa ambaye mama yake ni Mkenya. Mwaka 2009 kiti na vazi vikashikwa na dada yake, Shuri.

Ukizitazama hizi namba moja zote utaona jambo. Mwandishi anabadilika, mtindo unabadilika, adui anabadilika. Swali linabaki moja: nani ndiye mfalme halali, na je, atakilinda kiti chake? Miaka hamsini, bwana, swali moja.

Maudhui ya mfululizo wa 2016

Mwandishi aliyekabidhiwa mwaka 2016 ni Ta-Nehisi Coates, mwandishi wa habari wa The Atlantic aliyekuwa ameshinda National Book Award mwaka 2015 kwa kitabu chake Between the World and Me. Hakuwa amewahi kuandika katuni. Mchoraji wa mwanzo alikuwa Brian Stelfreeze. Hadithi ya matoleo 12 ya kwanza wakaiita A Nation Under Our Feet, jina walilolichukua katika kitabu cha mwanahistoria Steven Hahn kuhusu harakati za kisiasa za watu weusi wa vijijini kusini mwa Marekani.

Wakanda anayoipokea Coates imechoka. Katika hadithi za waandishi waliomtangulia nchi imegharikishwa kwa maji, imepinduliwa, imevamiwa kutoka anga za juu, na Shuri ameachwa kati ya uhai na mauti. Coates hafuti hata kimoja. Anachofanya ni kuwageukia wananchi na kuwauliza: nyinyi mmeyaonaje haya?

Na anaanzia kwa nani? Kwa wachimbaji wa madini. Katika kurasa za kwanza mfalme anakwenda mgodini kuwapongeza vibarua wa vibranium, yale madini ambayo ndiyo utajiri wote wa Wakanda. Vibarua wanamgeukia kwa hasira, vurugu inalipuka, damu inamwagika. Ndiyo, yuko mwanamke mwenye uwezo wa kichawi, Zenzi, aliyechochea hasira ile. Lakini msomaji makini ataona kuwa Zenzi anaikoleza hasira iliyokwisha kuwamo mioyoni mwa watu. Mtu hachochei moto pasipo na kuni.

Nilipofika hapo nilimkumbuka dada yangu. Hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja, na swali lake lilikuwa limeshafika pale ambapo Coates alianzia: huko kwenye utajiri, kazi anafanya nani?

Upande wa pili wapo wapenzi wawili wa Dora Milaje, Ayo na Aneka. Aneka amemuua mtemi mmoja aliyekuwa akiwadhulumu wanawake wa himaya yake, na kwa hilo amehukumiwa kifo na mama malkia mwenyewe. Ayo anamtorosha, na wote wawili wanageuka kuwa waasi. Hapa sheria ya kiti imemlinda mdhalimu na kumhukumu aliyemkomesha. Halafu yupo Tetu, kiongozi wa uasi, na mwalimu wake wa zamani Changamire, mzee wa falsafa ambaye fikra zake dhidi ya wafalme zimetumiwa na mwanafunzi kumwaga damu. Wanaoijua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 watautambua uchungu huo: neno likishatoka kinywani mwako si lako tena.

Mwisho wake T'Challa anaushinda uasi, lakini habaki kama alivyokuwa. Anakubali baraza la wananchi na katiba. Mfalme anabaki, ila chini ya sheria. Kwa mfululizo ulioanza mwaka 1966, hayo ni mapinduzi.

Fani: ramani na majina

Katika fani, jambo kubwa kwetu ni mandhari. Waandishi wa awali waliisogezasogeza Wakanda huku na huku katika Afrika. Ramani ya mwaka 2016 iliiweka kando ya Ziwa Victoria, majirani zake wakiwa nchi za kubuni kama Niganda, Mohannda na Azania. Azania, kama tujuavyo, ni jina ambalo wasafiri wa Kigiriki waliupa mwambao wetu takriban miaka elfu mbili iliyopita.

Lugha nayo ina mambo yake. Miji ya Wakanda inaitwa Birnin hiki na Birnin kile, na hicho ni Kihausa cha Afrika Magharibi. Jina la Changamire limetoka kusini, Zimbabwe. Na chuo anakofundisha kinaitwa Hekima Shule. Nilipoliona hilo nilifurahi, kisha nikakunja uso. Mswahili angesema Shule ya Hekima. Maneno ni yetu, mpangilio ni wa Kiingereza. Zaidi ya hapo, neno "shule" tulilipata kwa Wajerumani zama za ukoloni wao. Sasa nchi ambayo haikutawaliwa hata siku moja ililipata wapi?

Msomaji asidhani natafuta makosa ya kuchekea. Nasema hivi: ukoloni umeingia mpaka ndani ya neno tunalolitumia kutaja mahali pa kujifunzia, na ndoto ya Afrika isiyoguswa haiwezi kuundwa bila kuokota vipande vya Afrika iliyoguswa. Coates ni mjukuu wa watu waliochukuliwa utumwani. Anaiota Afrika kutoka mbali na anaokota vipande kote. Namwelewa. Mimi niliyebaki kando ya ziwa nina kazi nyingine, ya kusema kipande hiki kimetoka wapi.

Mtoto wa chifu

Sasa nifike kwenye hoja yangu hasa. Mwaka 1963, miaka mitatu kabla T'Challa hajachorwa, Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu kwa sheria. Watemi wa Usukuma, pamoja na machifu wote wengine, waliacha kuwa watawala. Na nchi ilikuwa chini ya nani? Julius Nyerere wa Butiama, upande wa mashariki wa ziwa hili hili, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Mtoto wa chifu aliongoza serikali iliyouondoa uchifu.

Yaani jambo ambalo katuni ililifikia mwaka 2016 kama hitimisho la kishujaa, kando ya ziwa la kweli lilikwisha kupitishwa kabla mhusika hajazaliwa. Wachoraji walipotaka Mwafrika mwenye heshima walichora mfalme, wakati Afrika yenyewe ilikuwa inabishana juu ya jamhuri.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Kuondoa chifu si sawa na kuondoa uchifu. Tulikaa na chama kimoja mpaka mwaka 1992, na kila anayeishi Igogo anajua namna bosi anavyoweza kukalia kiti chake kama mtemi. Ndiyo maana sisomi mwisho wa Coates kwa dharau ya mtu aliyekwisha kufika. Nausoma kama jirani. Swali lake ni letu, sisi tumelianza mapema tu, na hatujalimaliza.

Ziwa lililochorwa mara mbili

Wapo watakaosema, mbona unajisumbua na katuni? Nitawajibu kwa mfano mmoja. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa filamu ya Darwin's Nightmare kuhusu Mwanza, sangara na ndege za mizigo. Dunia ikaliona ziwa letu kama jehanamu: mapanki, njaa, watoto wa mitaani. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani. Miaka kumi baadaye, katika Black Panther, dunia ikaliona ziwa lile lile kama pepo. Kati ya jehanamu na pepo, sisi wa Igogo tunakaa wapi? Tunapanda mlima na ndoo za maji, tunauza dagaa, tunasoma. Picha zote mbili zilichorwa na wageni, na yote mawili yana ukweli ndani yake. Tofauti ni kwamba ile ya pili, angalau katika kurasa zile za mgodini, ilimpa kibarua nafasi ya kukasirika.

Hitimisho

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2018 Coates huyo huyo alianza tena na namba 1, akaipeleka Wakanda kwenye nyota, ambako imekuwa dola yenye watumwa. Baada yake akaja John Ridley mwaka 2021, kisha Eve Ewing mwaka 2023, kila mmoja na namba 1 yake. Zitakuja nyingine. Ushauri wangu kwa msomaji ni huu: ukikutana na namba 1 mpya, usiulize kwanza kama vazi limebadilika. Uliza kama swali limebadilika. Swali likiwa ni lile la 1966, basi jalada ni jipya na hadithi ni kuukuu.

Siku ya kurudi chuoni nilimsimulia dada yangu habari ya wachimbaji waliomgeukia mfalme. Alisikiliza huku akifunga kitambaa kichwani, maana zamu yake ilikuwa karibu.

"Na baada ya hiyo katiba," akaniuliza, "wale wa mgodini waliongezewa hela?"

Nikampa jibu la kweli, kwamba kitabu hakisemi. Akachukua buti zake, akasema, "Basi mwambie aandike tena."